Tangi Moja, Ndoo Tatu

24 Mei

Tangi limepanda ghorofa ya tatu mikononi mwa vijana wanne. Fundi wa Kariobangi aliyechomelea meza yake ya chuma alikuwa ameuliza litabeba nini, nikamwambia maji. "Maji tu?" Maji tu, lakini lita 200 ni kilo 200 kabla hujatia jiwe hata moja. Akaongeza vyuma viwili vya mshazari na wala hakudai nyongeza.

Mume wangu ameuliza samaki wanakuja lini. Binti yetu akanijibia: kesho. Nimewaambia Julai. Hakuna aliyefurahi.

26 Mei

Mjomba kule Shimoni anafungulia bomba na bahari inaingia. Hapa Nairobi bahari inabidi kuitengeneza. Maji ya mfereji yana klorini, imetiwa humo ili iue vijidudu, nami ndio nataka kuwafuga. Kwa hiyo yanapita kwanza kwenye mashine ya kuchuja, tone kwa tone, usiku kucha, mapipa yajae. Ndipo chumvi: zaidi ya kilo 7 kwa tangi zima, ile ya mfuko maalumu, ambayo bei yake sijaitaja hapa nyumbani.

Jirani ameuliza mbona nisitie ya kupikia, nayo si imetoka baharini, Gongoni huko? Swali zuri kuliko alivyodhani. Kwenye mabwawa ya Gongoni maji ya bahari yanaanikwa juani, na kinachotangulia kutulia chini ni chokaa, kisha jasi, ndipo chumvi yenyewe ifuate. Magnesi inabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Kinachofika jikoni kwetu ni sodiamu kloraidi, karibu tupu. Bakteria ninaowataka, wale wanaogeuza amonia ya mkojo wa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, hutoa asidi wanapofanya kazi, na kinachoizima asidi hiyo ni bikaboneti iliyomo majini. Kwenye chumvi ya ugali haimo.

27 Mei

Uzito wa maji 1.026. Hita 27. Pampu mbili za kuzungusha na jiwe la hewa.

Mawe nimenunua makavu, yanauzwa kwa kilo, na karatasi yake inasifu jinsi yalivyo na vitundu. Ni matumbawe ya kale. Nyumba ya bibi Mji wa Kale imejengwa kwa hayohayo, na Fort Jesus pia, na hakuna aliyewahi kuyapima kwa gramu. Ila sifa ya vitundu ni ya kweli. Bakteria hawa hawaelei majini, wanaishi kwenye utando mwembamba unaoshika jiwe, kioo, mchanga, kila palipo na uso. Jiwe lenye vitundu lina uso mwingi kuliko linavyoonekana.

Mawe hai, yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake, yangenimalizia shughuli hii yote. Lakini mkabala na kwao mjomba ni Kisite-Mpunguti, hifadhi, na humo hata kombe tupu haliokotwi. Nje ya hifadhi nako kunataka leseni. Sitaki kuanza na wizi.

29 Mei

Nimepitia dukani nikitoka kazini. Chupa za bakteria ni za aina mbili. Za kwanza zimepangwa rafuni kando ya dirisha, jua la saa kumi linazipiga. "Hizo ziko sawa, madam, hazitaki friji." Lebo inasema spora. Za pili zimo kwenye friji moja na soda, bei mara mbili, na nyuma zimeandikwa majina ya bakteria wa nitrifikesheni, ndio ninaowataka. Nikauliza zilikaa wapi kabla ya kufika kwenye friji hiyo. Kijana akacheka. "Zilitoka airport."

Kutoka airport mpaka hapa ni saa moja au ni siku nne, inategemea forodha na inategemea gari. Kazini kwetu chupa ya chanjo ina kile kiraka kidogo kinachogeuka rangi kikionja joto kupita kiasi. Unakitazama, unajua, unaitupa au unaitumia. Bakteria hawa wa friji nao hawatengenezi spora, hawana namna ya kujifunga na kulala. Wakipigwa na joto la kutosha, au wakiganda, wanakufa, na maji yao yanabaki na rangi ileile ya chai hafifu. Ni kama hamira: kufa kwake utakuona unga ukikataa kuumuka. Kiraka hicho hakiko kwenye chupa hizi, na ningemlipa zaidi yeyote atakayekiweka.

Nimenunua zote mbili.

30 Mei

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Samaki wako hawajambo?"

Nikamweleza kwamba samaki bado, kwanza bakteria. Akanyamaza kidogo.

"Umenunua wadudu?"

"Bakteria, mjomba."

"Kwa pesa?"

Alicheka mpaka mkewe akachukua simu kuuliza kuna nini.

Mjomba amefanya kazi miaka mingi kwenye banda wanamopumzishwa samaki wa mapambo kabla ya kupandishwa ndege. "Tukifungua pipa jipya," akasema alipotulia, "tunatoa sponji ya pipa la zamani, tunaikamulia mle. Yale maji meusi. Kesho yake tunatia samaki." Nikamuuliza kwa nini inafanya kazi. "Kwa sababu tusipokamulia wanakufa." Nimeshasikia mihadhara mirefu yenye habari chache kuliko hiyo.

Nimemwomba sponji moja. Binamu yangu anapanda na treni Jumapili, ataibeba. "Lakini usinitumie pesa," akasema. "Nitaona haya kuuza uchafu."

Haitaingia kwenye tangi kubwa. Banda lile linapokea samaki wa kila aina, na pamoja nao Cryptocaryon, kimelea cha vidoa vyeupe, ambacho mayai yake hushika popote na kungoja wiki kadhaa. Sponji inaleta bakteria na wenzao. Chupa, hata ikiwa mfu, haileti ugonjwa wa samaki.

31 Mei

Mpango umekamilika, na bafu la wageni halitumiki tena.

Beseni kubwa lenye maji na hita, nyuzi 27. Ndani yake zimesimama ndoo tatu za lita 20, kila moja na maji ya chumvi yaleyale, vipande vya mawe yaleyale, jiwe la hewa. Ndoo A itapata sponji ya mjomba. Ndoo B itapata chupa ya rafuni, ya spora. Ndoo C haitapata kitu. Tangi litapata chupa ya friji. Mume wangu ameuliza ndoo C ni ya nini kama haina kitu. Ndiyo ya maana kuliko zote. Siku tangi likisafika, bila C nitasifu chupa kwa kazi ambayo labda ingefanywa na vumbi la dirishani.

Chakula: amonia. Wengine hutupa kamba mmoja majini wakamwacha aoze, na hapo hujui umetia kiasi gani wala lini kitaisha. Njia ya zamani zaidi ni kutia samaki mgumu aishi ndani ya mkojo wake mpaka maji yapone. Baadhi walipona nayo. Mimi nimechukua amonia kloraidi kwenye duka la kemikali, gramu 12.5 nimeyeyusha kwenye lita moja ya maji safi. Mililita 10 za dawa hiyo kwenye ndoo, mililita 100 kwenye tangi, na kote napata miligramu 2 za amonia kwa lita. Zaidi ya hapo si ukarimu. Katika maji ya pH 8.2 na joto hili, kama asilimia 8 ya amonia yote iko katika hali yake huru, ile inayochoma matamvua ya samaki, na hiyo hiyo ikizidi inawazuia bakteria wa hatua ya pili, wala-nitriti.

1 Juni

Madaraka. Binamu amefika na mfuko wa plastiki uliofungwa kisamaki, maji kidogo na hewa nyingi, sponji nyeusi tititi ndani. Abiria mwenzake alimuuliza kama ni maini.

Nimetia vyote. Chupa ya friji nimeitikisa vizuri, maana waliomo hutulia chini. Skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, imezimwa ili isiwatoe pamoja nao, na taa imezimwa ili mwani usipate sherehe. Kote amonia 2.

3 Juni

Tangi 2. C 2. B 2, na maji yamekuwa meupe, huoni upande wa pili wa ndoo. A: robo.

Siku mbili! Nimerudia kipimo nikidhani tyubu haikuoshwa. Njano tena, na kijani kidogo tu.

5 Juni

A sifuri, nimeilisha tena. Tangi 1.5. B 1.5 pia, weupe umeanza kutulia. C 2.

Mume wangu anayefuata matokeo kama ligi (simlaumu, bafu ni lake pia) ametangaza sare kati ya tangi na B. Nimempinga. Tangi lina dalili ya nitriti, zambarau hafifu. B haina hata chembe. Amonia ya B imepungua, lakini haikugeuzwa kuwa kitu kingine. Bakteria wa kawaida walioamka kutoka kwenye spora wamekula lishe iliyokuwa chupani, wakaongezeka, wakajenga miili yao kwa ile nitrojeni. Ndio ule weupe. Lishe imekwisha, na wakifa watairudisha amonia majini. Anayepima amonia peke yake angemsifu muuzaji.

8 Juni

Tangi robo tatu ya kazi imekwisha: 0.5.

Nimekaa na kikokotoo. Kugeuza gramu moja ya nitrojeni ya amonia mpaka iwe nitrati kunakula gramu 4.57 za oksijeni. Dozi yangu moja ina nitrojeni kama miligramu 1.65 kwa lita, kwa hiyo inahitaji miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Maji ya bahari ya joto hili, Mombasa, yakishiba hewa kabisa hubeba kama 6.6. Hapa tulipo, takriban mita 1,700 juu, kanieneo ya hewa ni pungufu, na yanashiba kwenye 5.4 hivi. Yaani dozi moja inataka oksijeni nyingi kuliko iliyomo majini kwa wakati wowote. Isingekuwa pampu kuijaza upya saa zote, wangekosa pumzi wakiwa mezani. Maelekezo ya chupa yameandikwa na mtu wa usawa wa bahari. Nimeongeza jiwe la hewa la pili.

9 Juni

Amonia ya tangi ni sifuri. Nimetia dozi ya pili.

Nitriti imegonga mwisho wa kadi ya rangi, 5, zambarau iliyokolea. Lebo ilisema siku saba. Lakini hesabu inasema rangi hiyo ndiyo sahihi: amonia 2 ikigeuka yote inatoa nitriti 5.4, na kadi yangu haina rangi ya 5.4. Wangapi wamefika hapa wakadhani wameharibu, wakamwaga maji yote wakaanza upya? Tena nitriti ambayo ingeua samaki wa mtoni huku baharini haiogopwi sana, maana kloraidi inagombania nayo mlango wa kuingilia kwenye matamvua. Hatua ya pili imechelewa kwa sababu ya kwanza ilikuwa haijaisha. Amonia huru inawafunga mikono wala-nitriti, na mpaka jana bado ilikuwepo.

Kipimo cha nitrati nacho kinapiga kelele, 40 na zaidi. Sikiandiki kwenye jedwali. Kitendanishi chake hugeuza nitrati kuwa nitriti ndipo kisome, kwa hiyo nitriti iliyomo tayari inahesabiwa nayo.

Usiku huo huo

Sina usingizi. Kazini bakteria ni jambo la kesho asubuhi. Unapaka sahani jioni, unasoma ukiingia zamu. E. coli akipata raha anajigawa kila dakika 20, vizazi 72 kwa siku moja. Hawa wangu wanajigawa mara moja kwa siku au karibu na hapo, na kwenye sahani zetu zenye lishe tele hata hawaonekani. Hawahitaji sukari wala nyama. Wanaunguza amonia kama kuni na kujenga miili kwa kaboni dayoksaidi. Winogradsky aliwapata Zürich mwaka 1890 kwa kuwanyima kila kitu ambacho wataalamu wenzake walikuwa wakiwapa bakteria.

Kisha kwa miaka mingi kila kitabu cha matangi kilirudia majina mawili, Nitrosomonas anakula amonia, Nitrobacter anakula nitriti, na chupa zikauzwa kwa majina hayo. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake wakachungulia ndani ya matangi ya maji yasiyo na chumvi kwa kusoma vinasaba, wakamkuta mla-nitriti ni jamaa wa Nitrospira. Nitrobacter hakuonekana. Watu walikuwa wakinunua mgeni asiyehusika. Hovanec baadaye aliuza chupa yake mwenyewe, jambo ninaloliweka akilini kila ninapomsoma, ingawa matokeo yake naona yamesimama.

Mwaka 2005 likatoka kubwa zaidi. Kutoka kwenye tangi la maji ya bahari huko Seattle Aquarium alipatikana kiumbe anayekula amonia ambaye si bakteria kabisa, ni akea, akaitwa Nitrosopumilus maritimus, na ndugu zake wamejaa baharini kote. Mwaka 2015 wakapatikana Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, mmojawapo kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Ukoo wote huu, na mengi waliyojifunza juu yake yametoka kwenye vioo na mabomba ya wafuga samaki. Sponji ya mjomba ina nani ndani? Pengine wote hao, na wengine wasio na jina. Hakuna lebo itakayoweza kuwaorodhesha.

12 Juni

Stima zilipotea saa nne usiku, mtaa mzima. Kipampu cha betri nilikipeleka kwenye tangi. Kipo kimoja. Ndoo zikakaa kimya mpaka karibu alfajiri.

Asubuhi tangi liko vilevile, dozi ya pili imekwisha: amonia 0. Ndoo A inanuka. Walio wengi zaidi ndio walioishiwa hewa kwanza. Dozi niliyotia jana, ambayo kwa kawaida hailali, imebaki nusu.

14 Juni

A imejirudi. Inakula dozi yake kwa usiku mmoja na nitriti haionekani. Nimempa mjomba habari. Akasema aliyajua hayo tangu mwezi uliopita, na kama nina swali jingine.

B na C: amonia 2 na 2. Ile 0.5 iliyokuwa imepotea kwenye B imerudi.

16 Juni

Nitriti ya tangi bado zambarau. Leo nimefanya kama kazini, sehemu moja ya maji ya tangi na nne za maji ya mashine, kisha nipime. Imesoma 2. Mara tano ni 10. Dozi mbili zinapaswa kutoa 10.8. Kwa hiyo hakuna kilichokwama wala kuzidi, amonia yote niliyotia imekuwa nitriti na imekaa hapo ikingoja mlaji. Macho yangu yalikuwa yanaona rangi moja siku zote kwa sababu kadi imeishia 5.

Chupa ya friji basi ilikuja na nusu moja hai. Kama nusu ya pili ilifia kwenye gari au kiwandani, au ilikuwa chache tangu mwanzo, siwezi kuitofautisha.

19 Juni

C imeanza! 1.5, na zambarau kidogo. Hakuna aliyetia kitu mle. Walipanda kwenye vumbi, kwenye jiwe kavu, kwenye vidole vyangu nilipokuwa nikitoka ndoo moja kwenda nyingine, ingawa nanawa kila mara.

Hapo ndipo penye thamani ya chupa, na napaandika nisije nikapasahau nikiwa nimekasirika: tangi lilimaliza dozi ya kwanza tarehe 9. C leo ndiyo inagusa yake.

20 Juni

Nitriti 10, bado.

Mgeni ametumia bafu bila kuambiwa. Ametoka na maswali.

23 Juni

Nitriti 5, baada ya kuzidisha. Imeshuka nusu kwa siku tatu, baada ya kutotikisika kabisa. Kuzidi kwa maradufu ndivyo kulivyo, siku nyingi hupati kitu, halafu ghafla unapata vyote.

B imeanza, siku nne nyuma ya C. Chupa ya rafuni sitainunua tena.

27 Juni

Nitriti sifuri. Nimepima bila kuchanganya, nikapima tena. Buluu ya mbinguni.

Dozi ya tatu saa moja asubuhi, kama mtihani.

28 Juni

Saa moja asubuhi: amonia 0, nitriti 0. Sasa kipimo cha nitrati kinaweza kuaminiwa, na kimesoma kati ya 20 na 25. Dozi tatu, kila moja ikiishia kuwa nitrati 7.3, jumla kama 22. Hesabu imefunga. Hakuna amonia iliyofichwa ndani ya miili ya watu wengine kama kwenye B. Kila nilichowalisha nimekiona kimetoka upande wa pili.

pH imeteremka mpaka 8.0, asidi ile niliyoitarajia. Nabadilisha nusu ya maji, itapanda yenyewe, na nitrati itakatika katikati.

29 Juni

Nimempigia mjomba kuagiza samaki. Binti anataka yule wa filamu, wa rangi ya chungwa. Nikamweleza kwamba yule kwao ni mbali, mashariki ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, huku kwetu hayupo. Tunao jamaa zake. Mjomba ana wawili wa Amphiprion allardi, wameshazoeana, wana mistari miwili myeupe kiunoni na kichwani.

"Na sponji umeitia kwenye tangi?" Nikamweleza tena habari ya vidoa vyeupe.

"Sawa. Na samaki hawa, mwanangu, unadhani wanatoka wapi? Si banda hilihili?"

Jambo hilo nilikuwa na jibu lake tangu Mei: tangi dogo la lita 60, halina mawe, halina mchanga, samaki wakae humo mwezi mzima wakitazamwa kabla ya kuingia kwenye kubwa. Lakini tangi dogo nalo linataka bakteria, na wa kutosha, kuanzia siku ya kwanza. Nikamwambia chujio lake litakuwa sponji yake.

Akanyamaza. Kisha akamwita mkewe aje asikie.

5 Julai

Samaki wamefika na binamu. Wazima wote wawili, yule mkubwa ana hasira. Amonia ya tangi dogo saa mbili baadaye 0, jioni 0.

9 Julai

Wanakula. Chakula cha kopo walikitema siku mbili, leo nimewakatia kamba vipande vidogo na hawakuniacha nimalize kukata. Amonia 0, nitriti 0, hakuna kidoa.

Tangi kubwa limesimama sebuleni na taa yake, mawe yake na maji safi, bila mkia hata mmoja. Kila baada ya siku tatu nalitilia mililita 25 za amonia ili waliomo wasife njaa. Binti ameniuliza mbona tangi kubwa lina chakula na halina samaki, na dogo la bafuni lina samaki. Baba yake amemwambia kubwa ni la wadudu wa mama, walikuja na ndege, ndiyo maana wanakaa sebuleni.

Kesho: maji ya mashine lita 40, betri mpya za kipampu, na B na C zimwagwe, watu waoge.